UCHAMBUZI: Neva zinapolemaa, huenda saratani imejificha

MTU anapoanza kupepesuka barabarani katika mtaa wa Matisi, viungani mwa mji wa Kitale, wapita njia hudhani kwamba amelewa. Msichana anapoanza kukesha, kuzungumza peke yake na kuona vitu wasivyoviona wenzake, wapo jamaa watakaomkimbilia mhubiri au mganga kabla ya kumtafuta daktari.

Dhana hizo hazikosi msingi. Pombe haramu imewalemaza wengi nchini, na maradhi ya akili hayabagui tajiri wala maskini. Lakini lipo kundi dogo la wagonjwa ambao kuyumba au kupayuka kwao si ulevi wala wazimu. Ni ishara kwamba mahali fulani mwilini, katika ovari, titi, pafu au korodani, kuna uvimbe ambao haujagunduliwa.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa wagonjwa hawa, neva ndizo mawingu, nayo saratani ni mvua iliyo njiani. Swali linalofaa kuulizwa katika Kaunti ya Trans Nzoia, na katika kaunti jirani ya Bungoma ambako pia kuna eneo liitwalo Matisi, ni iwapo mfumo wa afya una macho ya kuyaona mawingu hayo kabla mvua haijanyesha.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mnamo 2022 Wakenya zaidi ya 44,000 walipatikana na saratani, na wengine zaidi ya 29,000 wakafariki kutokana nayo. Sababu moja kuu ya vifo hivyo inafahamika: wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshaenea. Kwa hivyo dalili yoyote inayoweza kufichua uvimbe mapema ina thamani kubwa, hata kama huwapata wachache.

Na kweli ni wachache. Wataalamu wanakadiria kwamba maradhi ya neva yanayosababishwa na kinga ya mwili kwa sababu ya saratani huwapata chini ya mgonjwa mmoja kati ya kila 100 wa saratani. Kwa hesabu hiyo, Kenya nzima haiwezi kuwa na zaidi ya mia chache kwa mwaka. Hata hivyo, kwa wengi wao dalili za neva hutangulia zile za saratani kwa majuma, miezi na wakati mwingine kwa zaidi ya mwaka mmoja. Muda huo ndio fursa ambayo daktari huipata ama kuipoteza.

Kinga inapokosea adui

Ili kuelewa jinsi uvimbe wa ovari unavyoweza kumfanya mtu ashindwe kutembea, sharti kuelewa kosa linalofanywa na kinga ya mwili. Baadhi ya saratani hutengeneza protini ambazo kwa kawaida hupatikana katika seli za neva pekee. Kinga inapozikuta protini hizo mahali zisipostahili kuwa, huziona kuwa adui na kutengeneza kingamwili za kupambana nazo.

Tatizo ni kwamba protini zilezile zimo pia katika ubongo, uti wa mgongo na neva za miguu na mikono. Jeshi lililoundwa kuuvamia uvimbe hugeuka na kuivamia nyumba yake lenyewe. Jambo la kushangaza ni kwamba kwa baadhi ya wagonjwa vita hivyo huudhibiti uvimbe usikue upesi. Ndiyo maana unaweza kuwa mdogo kiasi cha kutoonekana katika picha ya kwanza, ilhali mgonjwa tayari hawezi kujilisha.

Mnamo 1985 watafiti jijini New York, akiwemo Daktari Jerome Posner, walieleza kingamwili waliyoipata katika damu ya wagonjwa wa saratani ya mapafu waliokuwa wakipoteza hisia mwilini. Waliiita Hu, kwa herufi mbili za kwanza za jina la mgonjwa. Kwa desturi hiyo zikafuata Yo, inayohusishwa na saratani ya titi na ya ovari, na Ri. Hivyo nyuma ya kila jina la mkato lililo katika fomu za maabara leo kuna mtu aliyeugua bila kujua kinachomsibu.

Kingamwili hizi ni za aina mbili, na tofauti yake ndiyo huamua hatima ya mgonjwa. Aina ya kwanza, kama Hu na Yo, hulenga protini zilizo ndani kabisa ya seli ya neva. Kingamwili yenyewe huwa ni bendera tu. Wauaji hasa ni chembe nyeupe za damu zinazoiangamiza seli. Neva iliyokufa haifufuki. Tiba inayowahi huweza kuzuia hali isizidi kuwa mbaya, bali ni nadra kumrudisha mgonjwa alikokuwa.

Aina ya pili hulenga vipokezi vilivyo juu ya seli, na hapa kingamwili zenyewe ndizo zinazovuruga kazi ya ubongo bila kuiua seli. Zikiondolewa, na uvimbe ukikatwa, mgonjwa aliyekuwa mahututi anaweza kurejea shuleni au shambani.

Wasichana wanaodhaniwa kuwa na mapepo

Mfano maarufu wa aina hii ya pili ulielezwa mnamo 2007 na kundi la watafiti lililoongozwa na Daktari Josep Dalmau, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Walichunguza wanawake 12 waliokuwa wameanza kwa kubadilika tabia na kuona maruerue, kisha wakapata kifafa, wakapoteza fahamu na kushindwa kupumua vyema. Kati yao, 11 walikuwa na uvimbe wa ovari unaoitwa teratoma. Kingamwili zao zilishambulia kipokezi cha ubongo kijulikanacho kwa ufupi kama NMDA.

Teratoma ni uvimbe wa ajabu ambao unaweza kuwa na nywele, meno na hata tishu za ubongo ndani yake. Wakati mwingi si saratani ya kuua. Lakini zile tishu za ubongo ndizo zinazoichokoza kinga, na vurugu inayofuata inaweza kumuua msichana aliyekuwa mzima mwezi uliotangulia.

Utafiti mkubwa zaidi uliochapishwa mnamo 2013 ulifuatilia wagonjwa 577. Asilimia 38 kati yao walikuwa na uvimbe, karibu wote wakiwa wanawake. Baada ya miezi 24, takriban wanne kati ya kila watano waliotibiwa na kufuatiliwa walikuwa wamepata nafuu kubwa. Waliotibiwa mapema ndio waliopona vyema zaidi.

Takwimu hizo ndizo zinazoupa mjadala huu uzito katika mahali kama Matisi. Chukua mfano wa msichana wa kidato cha nne anayeanza kupayuka darasani. Shule yamrudisha nyumbani. Majirani wanong'ona kwamba amerogwa kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Anaombewa kwa juma moja, anapelekwa kwa mganga juma la pili, na katika juma la tatu anafikishwa hospitalini amefungwa kamba. Akiandikiwa dawa za kutuliza akili peke yake na kurudishwa nyumbani, uvimbe unabaki tumboni ukiendelea kuichokoza kinga.

Yapo mambo ambayo yangemfanya mhudumu wa afya ashtuke. Mgonjwa wa akili wa kawaida hapati kifafa ghafla. Midomo na uso wake havichezi vyenyewe bila kukoma. Mapigo ya moyo wake hayapandi na kushuka ovyo. Dalili hizo zikiandamana na kupayuka kwa msichana ambaye hajawahi kuugua, mahali pa kuanzia si wadi ya wagonjwa wa akili pekee. Panahitajika kipimo cha maji ya uti wa mgongo, na picha ya ultrasaundi ya nyonga.

Ugonjwa huu haupaswi kuchukuliwa kama wa Wazungu. Ukanda huu wenyewe una fumbo lake la neva na kingamwili: ugonjwa wa kutikisa kichwa uliowaathiri watoto wa Kitgum na Pader kaskazini mwa Uganda, na ambao Daktari Louise Jilek-Aall alikuwa ameuona huko Mahenge, Tanzania, tangu miaka ya sitini. Huo hauna uhusiano na saratani. Mnamo 2017 watafiti walidai kwamba kinga inayopambana na minyoo ya upofu wa mtoni huenda ndiyo inayoudhuru ubongo wa watoto hao, ingawa wengine waliofuata wametilia shaka maelezo hayo. La muhimu ni kwamba wazo la kinga kuigeukia neva limeshachunguzwa katika vijiji vya Afrika Mashariki.

Kasi ndiyo siri

Kwa watu wa makamo na wazee, sura ya ugonjwa huwa tofauti. Mama wa miaka hamsini na ushei, aliyekuwa akipalilia mahindi yake bila shida, anaanza kuyumba. Juma linalofuata anashindwa kuinua kikombe bila kumwaga chai. Mwezi wa pili ulimi unakuwa mzito, macho yanaona vitu viwiliviwili. Hiyo ni picha ya kudhoofika kwa serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayosawazisha mwendo, na kwa mwanamke wa umri huo ni lazima ovari na matiti yachunguzwe.

Siri imo katika kasi. Pombe huiharibu serebela polepole, aghalabu kwa miaka. Kiharusi hupiga kwa dakika au saa. Maradhi haya ya kinga hukua kwa majuma, na kwa kawaida humlemaza mgonjwa ndani ya miezi mitatu. Mhudumu asiyekuwa na mashine yoyote, lakini anayeuliza 'ilianza lini, na ilikuwaje juma lililopita?', ameshafanya nusu ya uchunguzi.

Zipo sura nyingine. Mvutaji sigara anayeshindwa kuinuka kitini huku kinywa kikiwa kikavu huenda ana udhaifu wa misuli unaoitwa Lambert-Eaton, ambao katika takriban nusu ya wagonjwa huambatana na saratani ya mapafu. Mtoto mchanga ambaye macho yake yanachezacheza pande zote na mwili kumshtukashtuka anapaswa kutafutiwa uvimbe wa neuroblastoma tumboni au kifuani.

Tahadhari ni muhimu hapa. Si kila anayeyumba ana saratani. Katika magharibi mwa Kenya, virusi vya ukimwi, kaswende, kifua kikuu cha ubongo, malaria kali, minyoo ya nguruwe inayoingia kichwani na upungufu wa vitamini B12 vyote vinaweza kuiga dalili hizi, na vingi vina tiba. Hayo hayana budi kuondolewa kwanza. Isitoshe, vipimo vya kingamwili vyenyewe wakati mwingine hudanganya, hasa vikifanywa kwa mtu ambaye dalili zake haziafiki.

Safari ya Eldoret

Mkazi wa Matisi ana hospitali karibu. Mjini Kitale ipo hospitali ya rufaa ya kaunti, na ipo pia ile ya mafunzo na rufaa iliyopewa jina la aliyekuwa Makamu wa Rais, marehemu Michael Wamalwa Kijana. Wenzao wa Bungoma wana hospitali yao ya rufaa. Tangu 2015, kupitia mpango wa serikali kuu wa kukodisha vifaa, hospitali mbili katika kila kaunti zilipangiwa mashine za picha, za kusafisha figo na za vyumba vya upasuaji.

Lakini mashine haishuku ugonjwa. Anayeshuku ni binadamu. Madaktari bingwa wa neva ni haba nchini, na wengi wao wanafanya kazi Nairobi. Kwa wakazi wa Trans Nzoia, kimbilio la karibu ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, umbali wa takriban kilomita 70, ambako pia kuna kituo cha Chandaria cha saratani na maradhi sugu.

Kipimo cha kingamwili chenyewe si cha kila maabara. Mara nyingi damu na maji ya uti wa mgongo hulazimika kusafirishwa, na majibu huchukua siku au majuma. Mashine za PET, zinazoweza kuona uvimbe mdogo uliojificha, zimo Nairobi, zikiwemo za Hospitali ya Aga Khan na ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kutoka Kitale hadi huko ni karibu kilomita 380.

Aidha, safari si moja. Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa mnamo 2021 unashauri kwamba mgonjwa mwenye dalili na kingamwili za hatari kubwa, ambaye uvimbe wake haujaonekana, apigwe picha tena kila baada ya miezi minne hadi sita kwa miaka miwili. Hiyo ni safari nne hadi sita juu ya ile ya kwanza. Familia inayotegemea mavuno ya mara moja kwa mwaka italazimika kuchagua baina ya nauli, karo na mbolea.

Nani alipe?

Hapa ndipo sera inapokutana na kitanda cha mgonjwa. Mnamo Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Wenye mishahara hukatwa asilimia 2.75, na mchango wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi. Mpango huo ulipoanza, familia ilitengewa Sh400,000 kwa mwaka kugharimia saratani, na Sh150,000 zaidi kutoka hazina ya maradhi sugu kiasi hicho kinapokwisha. Wagonjwa na watetezi wao wamelalamika tangu mwanzo kwamba fedha hizo hazitoshi.

Ila kwa mgonjwa wa Matisi tatizo huanza kabla ya kufika huko. Fungu la saratani limejengwa kimsingi kwa ajili ya mtu ambaye saratani yake imethibitishwa. Huyu bado hana saratani kwenye karatasi. Ana miguu isiyomtii na daktari mwenye shaka. Ili fungu lifunguke, uvimbe uonekane. Ili uvimbe uonekane, vipimo vilipiwe. Na vipimo hivyo vinapokosa fungu, mzigo huiangukia familia, na harambee huanza.

Wapo watakaosema kwamba kaunti ambazo bado zinahangaika na glavu, damu na insulini hazina haja ya kujishughulisha na ugonjwa wa watu wachache. Hoja hiyo ina uzito, na ingekuwa sahihi kama kinachodaiwa ni kununua mashine ya mabilioni kwa kila kaunti. Lakini sehemu kubwa ya kinachohitajika tayari ipo. Picha ya ultrasaundi ya nyonga inaweza kufanywa Kitale. Uchunguzi wa matiti kwa mkono unaweza kufanywa katika zahanati. Kutoa teratoma ni upasuaji ambao madaktari wa akina mama wanaujua. Steroidi, ambazo ni dawa ya kwanza ya kuituliza kinga, si ghali na hutumika kwa maradhi mengine. Imunoglobulini na usafishaji wa plazma ndivyo vinavyohitaji hospitali kubwa na fedha nyingi.

Kwa hivyo pengo lililo kubwa zaidi ni la fikira na mawasiliano. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 na kuwapa vifaa vya kupimia shinikizo la damu na sukari. Hao ndio wanaobisha hodi katika nyumba za Matisi. Wakifunzwa swali moja tu, kwamba mtu mzima aliyebadilika mwendo, usemi au akili ndani ya majuma machache apelekwe hospitalini na si kufichwa chumbani, watakuwa wamefupisha safari ya mgonjwa kwa miezi.

Hospitali za kaunti nazo zinaweza kukubaliana na Eldoret kuhusu njia moja ya rufaa: nani apigiwe simu, sampuli zichukuliwe vipi, na tiba ianze lini. Hili la mwisho ni nyeti. Palipo na shaka kubwa, na maambukizi yamekwisha kuondolewa, madaktari wa neva wanashauri kwamba tiba ya kuituliza kinga isingoje majibu ya maabara ya mbali. Kila juma linalopita bila tiba ni seli za neva zinazopotea.

Nayo SHA haina budi kuamua iwapo kumtafuta adui ni sehemu ya vita. Kulipia picha na kipimo kwa mgonjwa aliyeidhinishwa na daktari bingwa kutagharimu kiasi, ila idadi ya wagonjwa ni ndogo na gharama ya kuchelewa ni kubwa zaidi: kitanda cha wagonjwa mahututi kwa majuma, saratani iliyoenea, na mzazi asiyeweza tena kufanya kazi.

Viongozi wa dini na waganga wasitengwe katika hili, kwa maana wao ndio hufikiwa kwanza. Sala haimzuii mtu kwenda hospitalini, na mhubiri anayesema 'tuombe, kisha twende kwa daktari leo' huenda akaokoa maisha ambayo daktari peke yake asingeyaona.

Mama anayepepesuka katika njia za Matisi hajui majina ya Hu wala Yo, na hana haja ya kuyajua. Anachohitaji ni kwamba mtu wa kwanza kumwona asimnuse kinywa na kupita, bali amuulize tangu lini, na kwamba baada ya swali hilo kuwe na mlango uliofunguka Kitale, mwingine Eldoret, na mtu wa kulipa kabla uvimbe haujajitangaza wenyewe.